Fomu Isiyo na Nafasi ya Maelezo

Tangu nirudishe pikipiki ya idara na kutulia nyumbani kwangu Cheyo, vijana niliowaacha ofisini wananipigia simu kuuliza mambo mawili. La kwanza, ufunguo wa kabati la chuma uko wapi. La pili, yale makao ya wazee ya mpakani yanakaguliwaje. Ufunguo niliukabidhi na nikasainiwa, msinisumbue. Hilo la pili ni refu, ndiyo maana nimeamua kuliandika. Msitafute humu habari za vyeo. Niliingia kazini nikiwa afisa ustawi wa jamii na nimetoka nikiwa afisa ustawi wa jamii. Yaliyotokea katikati ni mambo ya barua tu.

Siku yangu ya kwanza ilikuwa Nzega. Nilifika na viatu vya kisigino vya kuazima, vimenibana mpaka machozi. Aliyenipokea ni Bi Skola, mwanamke mfupi, mkimya, aliyekuwa amekagua vituo vya wazee kabla mimi sijajua kusoma. Alivitazama viatu vyangu, akaniambia nikatafute ndala, maana tunakwenda kukagua wazee, hatuendi kuposwa. Tulipofika kituoni nikawahi kufungua daftari la wakazi ili nionekane nimesoma. Bi Skola akalifunga. Akasema daftari litanieleza anachotaka msimamizi nikijue. Nianze na magodoro, niende jikoni, daftari nilisome mwisho nikiwa tayari nina habari zangu. Kisha akainama, akanusa godoro moja baada ya jingine kama mtu anayechagua samaki sokoni. Nami nikanusa. Mpaka leo nikilala ugenini nanusa godoro kwanza, na mume wangu ameacha kuniuliza.

Siku Bi Skola anastaafu alinipa futi kamba yake, ya chuma, ya kujikunja, yenye kutu kidogo mwanzoni kiasi kwamba sentimita tatu za kwanza hazisomeki. Unapima kuanzia ya nne halafu unatoa. Nimepima vitanda, milango, madirisha na mashimo ya vyoo kwa futi kamba hiyo miaka yangu yote ya kazi. Vifaa vyangu vingine vilikuwa tochi na karatasi za kaboni. Ninyi mna vishikwambi, mkikosea mnafuta. Sisi tulikuwa tukikosea, kosa linatoka nakala tatu.

Baadaye nikahamishiwa Tabora, ndipo nikayakuta hayo makao ya mpakani. Yanaendeshwa na masista, kando ya njia ya zamani ya misafara, ile waliyopita babu zetu na mizigo kichwani kwenda pwani. Masista walijenga kwanza bweni la wanaume, kisha jiko na bweni la wanawake. Wapima ardhi walikuja baadaye kugawa eneo, wakasimika bikoni, kile kinguzo cha zege cha kuonyesha mpaka, katikati ya uwanja, baina ya bweni la wanaume na jiko. Kuanzia siku hiyo wazee wa kiume wakawa wanalala katika halmashauri moja na kupikiwa katika nyingine. Majina ya halmashauri sitayataja, maana wahusika wengine bado wako kazini na wana simu. Nitaziita ya Mashariki na ya Magharibi. Mimi nilikuwa wa Mashariki, upande wa bweni la wanaume.

Halmashauri mbili, masharti mawili. Mashariki tulitaka geti lifungwe jua likizama, wazee wasipotee. Magharibi walitaka geti lisifungwe kamwe, moto ukitokea watu watoke. Geti lenyewe ni moja. Msimamizi, Sista Benedikta, mwanamke mpole asiyeshindwa na kitu, aliondoa kufuli akaweka kamba ya katani. Mimi nikija ananionyesha: geti limefungwa. Mwenzangu wa Magharibi akija anamwonyesha: halina kufuli. Sote tulitia alama ya vema, na hatukuwa wajinga, tulijua. Ukikagua mpakani lazima ujue lipi la kulikazia macho na lipi la kulipisha.

Mwenzangu huyo wa Magharibi ni Bwana Tarimo, mtu wa Moshi aliyeletwa huku na kazi akaoa hapa hapa. Tulikubaliana tukague siku moja, Sista asiandae chai mara mbili. Tofauti kubwa kati yetu ilikuwa kwenye fomu. Fomu yake, chini ya kila swali, ilikuwa na mistari minne ya maelezo. Yangu ilikuwa na Ndiyo na Hapana, basi. Nilikuwa najivunia fomu yangu, nikiona ni ya watu wasiozungusha maneno.

Sasa nifike kwa Mzee Pazi. Alikuwa Mzaramo, mfupi, mwepesi wa mdomo, aliyekuja huku ujanani kwa kazi ya matengenezo ya njia ya reli. Mke alimfia, watoto hawakujaliwa, na ndugu zake wa pwani barua zao zilikatika zamani. Siku ya kwanza aliyoniona alinisalimia kwa kuniuliza kama na mimi ni Mnyamwezi. Nikamwamkia shikamoo, nikasema ndiyo, wa Goweko. Akaitikia marahaba, akatazama mafaili niliyobeba kifuani, akasema kumbe wapagazi bado mpo, ila siku hizi mnabeba makaratasi. Alikuwa amenifungulia mlango wa utani, na kila Mnyamwezi aliyelelewa anajua la kumjibu Mzaramo. Mimi nikamwambia, "Mzee, niko kazini." Akanyamaza. Nilidhani nimefanya vizuri.

Aliyekuwa akimjibu ni Mama Kulwa, mhudumu wa bweni la wanaume. Huyu naye ni wa Goweko, tena kwao na kwetu tulipakana shamba la tumbaku. Kila asubuhi aliingia na uji, akasimama mlangoni mwa Mzee Pazi, akamtukana. Bado uko hai, Mzaramo? Kaburi tumelichimba tangu juzi, mchanga unaanza kurudi ndani. Mzee anamjibu achimbe polepole, mpagazi wake, asije akachoka akamwangusha. Mchana Mama Kulwa akipitisha sahani ananyakua kipande cha nyama au cha muhogo kwenye sahani ya mzee, anakitafuna mbele yake. Mzee anapiga kelele za kuibiwa, bweni zima linacheka, kisha anamaliza chakula chote kwa kuhofia kuibiwa tena. Kwa wasiojua, utani wa Wazaramo na Wanyamwezi ulianzia kwenye misafara hiyo hiyo. Mnyamwezi akifia pwani, mbali na kwao, Mzaramo ndiye aliyesimamia msiba wake. Na huku vivyo hivyo. Mtani anakutukana ukiwa hai, na ukifa anasimama mlangoni kuwazuia watu wasikutoe mpaka akutukane vya kutosha. Hayo nilinyonyeshwa nayo.

Siku ya ukaguzi wa pamoja, mimi na Bwana Tarimo tuliingia bwenini wakati wa chakula cha kwanza. Mama Kulwa hakutuona, au alituona na hakujali. Akammwagia Mzee Pazi matusi ya siku hiyo, lile la kaburi na jingine kuhusu masikio yake, akachukua kiazi chake akakila. Bwana Tarimo akacheka, akaniuliza, "Mwenzangu, huu si ule utani wenu?"

Fomu yangu ilikuwa na maswali matatu yaliyofuatana. Je, mhudumu ametumia lugha ya matusi kwa mkazi? Je, mhudumu amemtishia mkazi? Je, mhudumu amechukua chakula cha mkazi? Nikaangalia kalamu. Nilichowaza si Mzee Pazi. Niliwaza kwamba huyu mwanamke ni wa kijijini kwetu, na huyu Mchaga yuko hapa ananitazama, na nikiruka maswali haya kesho itasemwa watu wa Goweko wanabebana. Nikamwambia Bwana Tarimo kwamba fomu haijui utani. Nikatia Ndiyo tatu, na kaboni ikatoa nakala zake.

Bwana Tarimo hakubishana. Alivuka bikoni akaenda kukagua jiko lake.

Kwa masharti ya Mashariki, Ndiyo moja kati ya hizo ni onyo. Tatu ni kusimamishwa mpaka kamati ikae, na kamati ilikuwa inakaa kila robo mwaka, ikipata akidi. Mama Kulwa alipewa barua. Sista Benedikta alinipigia akaniuliza kama nimeisoma vizuri fomu yangu. Nikamjibu nimeisoma. Mama Kulwa akafunga vitu vyake akarudi Goweko, na bweni likapata mhudumu mwingine, binti mstaarabu, anayesema samahani kabla ya kuweka sahani.

Wiki ya tatu Sista akanipigia tena. Mzee Pazi hali chakula. Walimpeleka zahanati, wakapima malaria, wakapima sukari, wakapima kila kilichopimika, hana ugonjwa. Amegeukia ukutani. Nikaenda na pikipiki, nikitaraji kukuta uji mbaya. Nilianza jikoni kama nilivyofundishwa. Uji ulikuwa mzuri. Nikanusa godoro, lilikuwa safi. Hapo nikaishiwa ufundi.

Nikakaa kwenye kigoda kando ya kitanda, nikamwamkia. Aliitikia bila kugeuka. Mifupa ya bega lake ilikuwa imechongoka chini ya shuka. Nikamwambia mhudumu wa zamani aliondolewa kwa ajili ya kumlinda yeye. Akanijibu akiwa bado anautazama ukuta.

"Watu wa msikitini wataniosha, watanizika," akasema. "Hilo halinipi taabu, hao ni waungwana. Lakini nani atanitukana? Nilikuwa na mtu mmoja tu, mkaguzi. Mtu akitolewa nyumbani kimyakimya ni kama mzigo usio na mwenyewe."

Niliona aibu. Sina neno jingine la kuipamba. Nilitoka nje nikasimama pale kwenye bikoni, nikakumbuka alivyonyamaza siku ile niliyomwambia niko kazini, na nikajiona mtu mdogo sana.

Kesho yake nilikwenda Goweko. Mama Kulwa alikuwa uani anabangua karanga. Aliniletea kigoda, akaniletea na maji, kwa sababu mgeni ni mgeni hata akiwa mimi. Nikaanza kueleza habari za fomu, za maswali matatu, za kamati. Alinisikiliza huku vidole vyake vikiendelea na karanga.

"Dada Veronika," akasema, "wewe ulijua."

"Nilijua," nikamjibu.

Akanisogezea ungo, tukabangua pamoja mpaka zikaisha. Nilipomweleza kwamba mzee hali, akaacha kila kitu, akaingia ndani kutafuta kanga ya safari.

Shida ilikuwa hii: kamati haijakaa, na mtu aliyesimamishwa haruhusiwi kuhudumia wakazi katika eneo la Mashariki. Kumrudisha bwenini kungekuwa kosa la pili juu ya la kwanza, na Sista angeweza kunyang'anywa kibali chake. Nikampigia Bwana Tarimo. Nilitegemea anikumbushe maneno yangu, ningemwelewa. Yeye akauliza tu swali la kikazi: hiyo barua imemsimamisha wapi? Nikamsomea. Katika eneo la Mashariki. Akaniambia jiko liko Magharibi, baraza la jiko liko Magharibi, na fomu yake ina mistari minne. Angehitaji miwili tu.

Basi tukafanya hivyo. Sista Benedikta akamwandika Mama Kulwa kazi ya jikoni. Wazee wawili wenye nguvu wakambeba Mzee Pazi na kiti chake, wakamvusha bikoni, wakamketisha kwenye baraza. Alikuwa mwepesi mno, hawakupumzika njiani. Mama Kulwa akatoka jikoni na sahani ya matobolwa aliyokuja nayo kutoka Goweko, viazi vile vya kukausha tunavyochekwa navyo na watu wa pwani. Akasimama mbele yake, akamkagua juu mpaka chini.

"Kumbe bado upo," akasema. "Nami nimesafiri na jembe."

Mzee Pazi akainua uso taratibu. Akamwambia mpagazi wake amechelewa, bila shaka alikuwa anakula njiani. Mama Kulwa akachukua tobolwa moja kwenye sahani akalitafuna. Mzee akavuta sahani kwake, akaikinga kwa mkono, akaanza kula. Sista aliingia ndani haraka. Mimi nilibaki nimesimama upande wangu wa mpaka na faili langu, nikalia, na sikujificha.

Kwenye fomu ya Magharibi Bwana Tarimo aliandika: "Matusi yapo. Ni mtani wake, na mkazi anakula vizuri." Kisha akaniuliza yangu nitaifanyaje. Nikasema haina nafasi. Akachukua karatasi yangu, akaigeuza, akanionyesha upande wa nyuma, mweupe, mtupu. Miaka yote ile sikuwahi kuutazama. Nikaandika pale nyuma yote niliyowaeleza humu, pamoja na lile la kuogopa kuambiwa tunabebana, nikasaini. Kamati ilipokaa ilimrudisha Mama Kulwa na kunipa mimi onyo la maandishi. Limo kwenye jalada langu, mkiupata ufunguo wa kabati.

Mzee Pazi aliishi misimu mingine miwili ya maembe. Alifia usingizini, alfajiri moja, upande wa Mashariki, na Sista akatupigia mimi na Bwana Tarimo kwa pamoja. Tulipofika, watu wa msikitini walikuwa wameshamwosha na kumswalia, jeneza liko uwanjani, tayari kubebwa. Wakaliinua, wakalipitisha kwenye bikoni, wakaelekea getini. Hawakutoka. Mama Kulwa alikuwa amelifunga geti kwa ile kamba ya katani, mafundo saba, amelisimamia, kanga kiunoni.

Akawaambia Mzaramo huyu haendi popote, anadaiwa viazi. Akaeleza alivyokuwa mvivu, alivyokuwa mlafi, alivyokuja kutengeneza reli na mpaka leo treni inachelewa. Waombolezaji waliinamisha vichwa kuficha vicheko. Shehe, mtu wa Tabora anayezijua mila, aliangalia pembeni akasubiri. Kisha Mama Kulwa akanigeukia mimi, mbele ya watu wote.

"Na wewe wa Goweko," akasema. "Huyu alikuanza siku ya kwanza, hukumjibu. Mjibu sasa."

Nilipekua mfuko wa kazi, na kilichonijia mkononi ni futi kamba ya Bi Skola. Nikaivuta. Nikapima jeneza, nikianzia sentimita ya nne, halafu nikatoa. Nikapima na geti, nikachukua muda wangu, kama ninavyofanya kwa kila msimamizi.

"Mzee Pazi," nikasema, "maisha yako yote ulikuwa mfupi. Leo unabebwa ndiyo umejinyoosha, uonekane mtu mrefu mbele za watu."

Kicheko kikalipuka, hata Shehe kilimponyoka. Mama Kulwa alicheka mpaka akajishika ubavu, machozi yakimtiririka, nami hivyo hivyo. Kisha akajifuta na pindo la kanga, akashika ncha moja ya kamba.

"Mkaguzi," akaniuliza, "anapita au hapiti?"

"Anapita," nikasema. Nikashika ncha ya pili, tukayafungua mafundo yote saba.